Shabaha Haiuzwi Pamoja na Bunduki

Ndugu msomaji, wahenga walisema kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hii niliisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi nimewaambia vijana wa kiwandani waliokuwa wakikimbilia kuwasha mashine kabla ya kukagua mikanda yake. Leo nataka kukusimulia jinsi ilivyonirudia mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya mke wangu na mjukuu wangu, kwa sababu ya bunduki mpya ya upepo.

Mimi ni fundi mitambo mstaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yangu ilikuwa kufunga na kutengeneza mashine katika kiwanda kimoja mjini Mwanza. Nilipostaafu nilihamia Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini kwa barabara iendayo Musoma. Yamkini Bujora unaifahamu kwa ajili ya Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement kutoka Kanada, mahali ambapo zimehifadhiwa ngoma za watemi na ambapo kila mwezi Juni wachezaji wa Bagalu na Bagika hushindana katika sikukuu ya Bulabo. Nyumba yangu iko upande wa pili wa kilima, katikati ya majabali yale makubwa ambayo ni sura ya nchi yetu hii ya kandokando ya ziwa. Naomba uyakumbuke majabali hayo, maana yatakuja katika hadithi.

Mstaafu asiye na shughuli huzeeka upesi. Katika ujana wangu, nilipokuwa Jeshi la Kujenga Taifa, nilisifiwa kwa kulenga shabaha, na sifa hiyo niliitunza moyoni kama mtu atunzavyo picha ya zamani. Basi nilipopata nafasi ya kununua bunduki ya upepo kwa ajili ya mazoezi ya shabaha, nilifuata taratibu za kibali polisi kama impasavyo raia, kwa maana silaha ni silaha hata kama haina baruti. Siku ilipofika nyumbani nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu.

Kabla sijaendelea, yafaa nikueleze chombo chenyewe. Wengi wetu tunaijua bunduki ya upepo ya zamani, ile ambayo mpigaji huikunja kasiba yake ili kukaza springi kila anapotaka kupiga. Hii ni ya namna nyingine. Chini ya kasiba kuna mtungi mwembamba wa chuma, na mtungi huo hujazwa hewa mapema, kwa pampu ya mkono, mpaka kufikia presha ya bar 200. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei tu. Ukivuta kifyatulio, nyundo ndogo inayosukumwa na springi huigonga vali, nayo vali hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hewa kidogo huponyoka na kuisukuma risasi, kisha vali hujifunga, na hewa iliyobaki hungoja zamu yake. Kwa kuijaza mara moja tu, mtu hupiga risasi nyingi.

Wala usidhani kwamba huo ni uvumbuzi wa jana. Mnamo mwaka 1780 hivi, fundi mmoja aitwaye Bartholomäus Girandoni alilitengenezea jeshi la Austria bunduki ya upepo ambayo kitako chake ndicho kilichokuwa mtungi wa hewa. Wapelelezi Lewis na Clark, waliovuka Marekani baina ya mwaka 1804 na 1806, walichukua bunduki ya upepo katika msafara wao na kuwashangaza watu waliokutana nao. Nasi pia hatukuwa wageni wa elimu ya hewa iliyobanwa. Hapa Bujora, katika makumbusho, iko nyumba ya mhunzi na vyombo vyake vya kazi. Mhunzi aliyekandamiza mivukuto yake ili makaa yawake na chuma kilainike alijua kwamba hewa ikibanwa na kuelekezwa hufanya kazi ambayo mkono mtupu hauiwezi.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Siku ile ya kwanza nilijaza mtungi, nikabandika karatasi juu ya boksi, nikaliegemeza boksi kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba, nikapima mita 25, nikalala kifudifudi. Nilipiga risasi tano. Nilipokwenda kutazama, matundu yalikuwa yametawanyika kwa upana wa sahani ya wali. Badala ya kukaa na kutafakari, nilipandwa na hasira ya fundi aliyeaibishwa na mashine. Nikaikaza springi ya nyundo. Nikazungusha vifundo vya darubini ya kulengea. Nikabadilisha aina ya risasi. Nikalegeza skrubu za kitako na kuzikaza upya. Haya yote niliyafanya kwa pamoja, kisha nikapiga tena, na kila nilipopiga mambo yalizidi kuharibika. Ilipofika saa tisa alasiri karatasi yenyewe haikuguswa tena.

Ndipo risasi moja ilipolikosa boksi, ikapiga jabali, ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, na kurudi ilikotaka yenyewe. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka 11, alikuwa akipita kwenye kijia cha pembeni akitoka kisimani na ndoo ya plastiki mkononi. Nilisikia sauti ndogo, tap, na nilipogeuka niliona maji yakichuruzika kutoka ubavuni mwa ndoo. Mtoto alisimama akiyatazama maji yale bila kuelewa. Mimi nilielewa. Hatua moja nyuma au mbele, na tungekuwa tukizungumza habari nyingine leo, au tusingekuwa na la kuzungumza kabisa.

Mke wangu alitoka jikoni. Hakupiga kelele. Aliitazama ndoo, akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Baba," alisema, "hii leo ni ndoo."

Hakuongeza neno. Niliitoa hewa yote mtungini, nikaifungia bunduki ndani ya kabati, na ufunguo nikampa yeye.

Bunduki ile ilikaa kabatini wiki nzima. Katika wiki hiyo alikuja kututembelea jirani yetu mmoja, mzee wa zaidi ya miaka 80, ambaye katika ujana wake alichonga mishale na kulinda ng'ombe wa baba yake dhidi ya fisi. Nilimsimulia yote, maana aibu ikisimuliwa hupungua uzito.

"Bwana mdogo," aliniuliza, "risasi zilipokwenda kombo ulirekebisha nini?"

"Kila kitu, Mzee."

"Na sasa unajua nini?"

Sikuwa na jibu. Mzee alicheka kidogo, akaniambia kwamba wao, mshale ulipokwenda upande, hawakubadili mti, manyoya na kamba kwa siku moja. Walibadili kitu kimoja, wakapiga tena, wakatazama. Mti uliopinda waliupasha moto na kuunyoosha. Unyoya uliokaa vibaya waliung'oa. "Ukibadili vitatu kwa mara moja," alisema, "hata ukipona hutajua dawa ni ipi." Kisha akaniuliza swali lililonichoma zaidi: "Na mshale ulipokosa, ulikuwa umepanga uanguke wapi?"

Ndugu msomaji, mimi niliyewafundisha vijana wengi kazi ya mashine nilifundishwa upya na mtu ambaye hakuwahi kuingia kiwandani. Nilimwendea mke wangu kuomba ufunguo. Alikubali kwa masharti mawili: kwanza, risasi yoyote itakayokosa shabaha iwe na mahali pa kufia, pili, hakuna mtu atakayekuwa mbele ya bunduki au pembeni, wote wawe nyuma ya mpigaji. Masharti yale yalinishughulisha siku tatu. Nililiacha jabali, nikachagua mahali penye kichuguu kikubwa cha zamani, nikapanga mbele yake magunia ya mchanga tabaka mbili, marefu na mapana kuliko shabaha mara nyingi. Kile kijia cha kisimani nilikihamishia upande wa pili wa nyumba. Mawe yote yaliyokuwa juu ya ardhi kati ya mpigaji na magunia niliyaondoa. Ndipo nikachukua daftari la mjukuu lililobaki kurasa, nikaandika juu yake: Jambo moja kwa siku.

Jambo la kwanza lilikuwa usafi na skrubu. Kasiba mpya hutoka kiwandani na mafuta ya kuizuia kutu, na mafuta hayo huifanya kila risasi ipite kwa namna yake. Nilichukua uzi wa kuvulia samaki, nikaufunga kipande kidogo cha kitambaa cha pamba, nikakivuta ndani ya kasiba kutoka nyuma kwenda mbele. Cha kwanza kilitoka cheusi, cha sita kilitoka cheupe. Skrubu moja ya kitako niliikuta imelegea. Nilizikaza zote kwa kiasi kimoja, bila kutumia nguvu za kufungulia tairi la lori. Kisha nilipiga risasi 30 ili kasiba izoee, bila kuhesabu alama.

Jambo la pili lilikuwa risasi zenyewe. Hizi ni vipande vidogo vya madini laini ya risasi, upana wa milimita 4.5, vyenye kiuno chembamba na sketi nyuma kama mwanamke aliyevaa gauni la harusi. Sketi ikipondeka, risasi huyumba. Nilizibingirisha juu ya kioo moja moja, na zilizoyumba nikazitupa. Nilikuwa na makopo matatu ya aina tofauti. Kila aina niliipiga mara kumi, saa ileile ya asubuhi. Aina ya kwanza ilitawanya matundu kwa milimita 60, ya pili 45, na ya tatu 24. Bunduki ni ileile, macho ni yaleyale, na aina iliyoshinda haikuwa ya bei kubwa kuliko zote. Kila kasiba ina chakula chake, nawe huna budi kuiuliza. Jambo moja zaidi: madini ya risasi ni sumu, hivyo usile wala kumshika mtoto kabla ya kunawa mikono kwa sabuni.

Katika kuhesabu huko mjukuu wangu alinisaidia. Yeye alikuwa karani, ameketi nyuma yangu na kalamu. Aliniuliza kwa nini kumi na si tatu. Nilimpeleka makumbusho nikamwonyesha chombo cha mviringo kinachozungushwa, kinachoeleza namna mbalimbali Wasukuma walivyohesabu kutoka moja hadi kumi. Nikamwambia kwamba matundu matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati, lakini ukifika kumi, bahati huanza kuchoka.

Jambo la tatu lilikuwa presha. Niliazimwa kifaa cha kupimia mwendo wa risasi, nikaandika kasi ya kila risasi tangu mtungi ulipojaa bar 200 hadi uliposhuka bar 110. Nilichokiona kilinishangaza. Kwenye bar 200 risasi haikuwa na kasi kubwa kuliko zote. Ilikwenda mita 255 kwa sekunde. Presha ilipopungua hadi bar 160, kasi ilipanda hadi 272, ndipo ikaanza kushuka tena. Sababu yake ni kwamba hewa ikijaa mno huikandamiza vali, na nyundo hushindwa kuifungua sawasawa. Ikipungua mno, vali hufunguka vema lakini hewa haina nguvu. Kati ya hapo ndipo penye uwanda. Tofauti ile ya kasi, kwa mita 25, huishusha risasi kwa milimita chache tu, lakini kwa mita 40 ni zaidi ya sentimita nzima, nawe utailaumu darubini bure. Ziko bunduki zenye kidhibiti ndani yake kinachoipa kila risasi hewa ya kiasi kilekile. Yangu haina, hivyo mimi mwenyewe sina budi kuwa kidhibiti.

Jambo la nne ndilo nililoliharibu siku ya kwanza, yaani springi ya nyundo. Nilidhani nguvu ndiyo shabaha. Sasa niliilegeza robo mzunguko, nikapima. Nikailegeza robo nyingine, nikapima. Kasi ilipungua kidogo, ikazunguka kwenye mita 250, lakini tofauti kati ya risasi na risasi ikawa ndogo, mradi nisijaze mtungi kupita bar 180. Bunduki yenye mwendo wa wastani usiobadilika ilinipa matundu ya pamoja, ambapo ile ya kasi iliyogeukageuka ilinipa sahani ya wali.

Hapa naomba nikuonye kwa uzito wote. Kujaza mtungi kwa pampu ya mkono ni jasho, na mtu wa makamo hutamani njia ya mkato. Kijana mmoja wa karakana ya kuchomelea vyuma alinishauri, kwa nia njema kabisa, nimletee bunduki aijaze kwa mtungi wake wa oksijeni. Ndugu yangu, usithubutu! Oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na mafuta au grisi kidogo tu huweza kulipuka, na mtungi ule uko sentimita chache kutoka usoni mwako. Chombo hiki hujazwa hewa ya kawaida, safi na kavu, basi. Pampu nayo ipumzishwe ipoe baada ya kila michomo michache, na kichujio chake cha unyevu kikaguliwe, kwani kutu ndani ya mtungi haionekani kwa macho.

Jambo la tano lilikuwa darubini. Nilitundika uzi wenye jiwe, timazi ya mwashi, mbele ya magunia, nikailaza bunduki sawasawa kwenye mifuko ya mchanga, nikaizungusha darubini mpaka mstari wake wa wima ukalala juu ya uzi ule. Darubini iliyoinama hukupa ukweli kwa umbali mmoja na uongo kwa umbali mwingine. Baada ya hapo tu ndipo nilipovigusa vile vifundo, ili risasi ipige pale jicho linapotazama. Siku ya kwanza nilianza navyo, na ilikuwa sawa na kuipiga ngoma kabla ya kuiotesha ngozi yake moto.

Jambo la sita halimo ndani ya bunduki. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua kwamba usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja kwetu. Risasi nyepesi kama hii husukumwa na upepo ambao hata jani la mpapai halitikisiki nao sana. Nilifunga utepe wa kitambaa karibu na shabaha, nikajifunza kuungoja utulie. Saa moja asubuhi ndiyo saa yangu, kabla ziwa halijaamka.

Siku ya 19 katika daftari, matundu kumi yalikaa ndani ya milimita 18. Yangefunikwa na sarafu moja. Mjukuu wangu aliandika namba ile kwa tarakimu kubwa, akaipigia mstari. Nisingependa ujidanganye kwamba mimi sasa ni bingwa. Katika michezo ya Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ya mita 10 iliingizwa mwaka 1984 mjini Los Angeles, alama kumi ni nukta ya nusu milimita. Mimi nimeridhika na sarafu yangu, kwa sababu najua kila milimita ilikotoka.

Nawe msomaji huenda huna bunduki, wala huitaki. Lakini unayo cherehani mpya inayoruka nyuzi, au pikipiki inayokohoa, au jiko linalotoa moshi. Usilifungue lote kwa hasira. Badili kitu kimoja, tazama, andika, kisha uende kwa kinachofuata. Na kabla ya kuanza, jiulize lile swali la mzee: ukikosea, kosa lako litaangukia wapi? Shabaha ya kweli huanzia nyuma ya shabaha, pale kwenye magunia ya mchanga.

Mjukuu wangu bado hajapiga hata risasi moja, na hatapiga mpaka umri na sheria vimruhusu. Lakini kila ninapoinua bunduki husikia sauti yake ndogo nyuma yangu ikiuliza, "Babu, nyuma yake kuna nini?" Nami humjibu kwa sauti, kila mara, kabla ya kugusa kifyatulio: mchanga, na nyuma ya mchanga, kichuguu.

Ile ndoo mke wangu alikataa kuitupa. Ameijaza udongo, akaitoboa matundu mengine chini, akapanda mchicha, na kuiweka kando ya mlango ninaotokea kila asubuhi.